Sheikh aliiandika talaka yangu. Je, kaunti nayo inaijua?

Bi Mshauri, as-salaam alaykum.

Nakuandikia saa nane za usiku. Mtoto amelala, na hapa mezani pana fomu iliyonishinda kwa wiki tatu. Nimejaza jina langu, la baba na la mama, siku niliyozaliwa, kazi nilizofanya miaka mitano iliyopita. Pale wanapouliza ndoa yangu ya kwanza iliisha lini, nimeandika kwa penseli, nikafuta, nikaandika tena, hata karatasi imeanza kutoboka.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Kibokoni, nina miaka 38. Niliolewa 2009 nyumbani, mbele ya kadhi. Mume akatangulia Marekani, nami nikamfuata 2011. Tukakaa Texas, katika mji mkubwa ambao sitautaja, maana Waswahili wa huku tunajuana mpaka viatu vya mlangoni. 2013 tukajaliwa binti. Sitaki kumchafua babake. Tuliishi vibaya miaka miwili, yeye akilala sebuleni, kisha 2016 akaenda kwa sheikh akaniandikia talaka. Mashahidi walikuwa wawili. Karatasi ni ya mistari, imechanwa daftarini, ina mhuri wa zambarau na tarehe ya Shaaban 1437. Tarehe ya miladi haikuandikwa.

Nilikaa eda, nikahama, nikapanga chumba na mwanangu. Nilipomuuliza habari za mahakama alinijibu, "Hayo niachie mimi." 2017, aliporudi kutoka Mombasa kumzika mamake, alinipigia simu ya mambo mengine, akasema katikati ya maneno, "Na kule kumekwisha." Sikumuuliza kule ni wapi. Nilipoomba uraia 2019 nikaandika kwamba nimeachika, bila hata kukuna kichwa.

Sasa Mungu ameniletea mtu. Ni mjane, ana watoto wawili wakubwa, anafanya kazi bandarini Kilindini. Posa imeletwa, wazee wamekubali, harusi imewekwa mfungo mosi. Mipango ni nifunge ndoa nyumbani, kisha nirudi nimuombee viza. Aliniuliza mara moja tu, kwa adabu yake: "Mambo yako ya nyuma yamekamilika?" Nikamwambia yamekamilika. Wallahi sikudanganya, ndivyo nilivyojua.

Fomu ya viza inataka ushahidi. Mwezi uliopita nikaomba ruhusa kazini, nikaenda ofisi ya kaunti. Kwenye foleni mbele yangu walikuwa kijana na msichana wanachekeana, wameshikana mikono. Zamu yangu ilipofika nikataja jina. Bibi wa dirishani akapiga tarakilishi, akatikisa kichwa: hakuna kitu. Nikamuuliza, hata ndoa yenyewe? Akasema, hata hiyo. Nikaenda kukaa garini nusu saa nzima. Ikiwa hakuna talaka, basi mimi bado ni mke wa mtu?

Mamangu nilipompigia alinikatiza. "Talaka ni talaka. Mola anajua, mashahidi wameona, eda umekaa. Karatasi ya wazungu itaongeza nini? Usimwamshe aliyelala, utalala wewe." Mdogo wangu aliye Minnesota naye ataka nilipie tovuti moja inayojinadi kuwa na kumbukumbu za talaka za Marekani nzima, ati nijue usiku huu huu.

Nichimbe au niache? Nikichimba nikakuta hakuna, nimwambie mchumba, na wakwe wameshaanza matayarisho? Au nifungue kesi kimya kimya niimalize kabla ya mfungo mosi? Na nikikuta ipo, ikapitishwa nyuma ya mgongo wangu, itakuwa imesema nini juu ya mwanangu? Baba mtoto sitaki kumpigia. Yule akijua una shida naye huja na bei.

Bint wa Kibokoni, Texas

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu, na kuna neno moja nimelipigia mstari: "kule". Nitalirudia. Kwanza nikuambie nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea.

Naona una maswali mawili uliyoyafunga kitambaa kimoja. La kwanza ni kama umeachwa. La pili ni kama kuachwa huko kumeandikwa mahali ambapo serikali ya unakoishi hupasoma. Mama anajibu la kwanza. Fomu inauliza la pili. Wewe umesimama katikati, ukidhani mmoja akiwa mkweli basi mwingine ni mwongo. Lakini mama hajakosea. Kwa dini, kama yale uliyoyaeleza yalifanyika kwa sharti zake, mimi si sheikh wa kukupa hukumu, ila sioni kwa nini ulale ukijihesabu mke wa mtu. Texas nayo ina hesabu yake. Huko ndoa huvunjwa na hakimu peke yake. Karatasi ya sheikh, iwe na mhuri wa rangi gani, mahakamani ni ushahidi wa jambo lililotokea msikitini, si hukumu. Na usijidanganye kwamba kwa kuwa mliolewa Mombasa, Texas haina habari nanyi. Ndoa iliyofungwa sawasawa kwa kadhi, Texas huitambua. Kwa sababu inautambua mwanzo wake, ndiyo maana inakuuliza na mwisho wake.

Sasa tuje dirishani. Wale vijana wawili waliokuwa wakichekeana mbele yako walikuwa wamefuata nini pale? Watu hawaendi kwenye kesi ya talaka wameshikana mikono. Nadhani walifuata leseni ya ndoa, na kama ni hivyo, wewe ulikuwa kwa karani wa kaunti. Huyo ndiye anayetoa leseni za ndoa, na pia huweka hati za ardhi na mambo kama hayo. Kesi za talaka Texas huwekwa na karani mwingine, wa mahakama za wilaya. Mlango wake umeandikwa District Clerk, na katika miji mikubwa mara nyingi ni jengo jingine kabisa. Yule bibi alikutafuta ndani ya kabati lake, akakuambia ukweli kuhusu kabati lake. Ndoa yenu hakuiona kwa sababu leseni yenu haikutoka kwake, na hilo halina ajabu, mlioa Mombasa. Kwa hiyo ile nusu saa ya garini, mwanangu, uliililia habari ambayo hujaipata bado. Sisemi hati ipo. Nasema hujaiulizia mahali pake.

Na mahali pake penyewe huenda pakawa zaidi ya mahali pamoja. Hukutaja mji na umefanya vyema, basi nichukue Houston kwa mfano. Mtu anakaa Houston, bahasha zake zote zimeandikwa Houston, lakini mji ule umelalia kaunti tatu: Harris, Fort Bend na Montgomery. Talaka hufunguliwa katika kaunti ambayo mume au mke ameishi siku 90, na awe ameishi jimboni miezi sita. Mume au mke, nasema. Kaunti yako wewe si lazima iwe yake. Mwenzio baada ya kuondoka alihamia wapi? Alikaa kwa rafiki? Alipata kazi upande wa Dallas? Texas ina kaunti 254, na hakuna karani anayechungulia kabati la mwenzake.

Ndiyo maana mtu asiyejua kaunti huanzia Austin, makao makuu ya jimbo. Idara ya afya ya jimbo ina kitengo cha takwimu za uhai, kinachopokea taarifa za talaka kutoka kaunti zote, na taarifa hizo zinaanzia 1968. Ukijaza fomu yao, ukaambatisha nakala ya kitambulisho na ada ya dola 20, wanakupekulia na kukuandikia barua kwamba talaka ya fulani na fulani imeonekana, tarehe fulani, kaunti fulani. Barua hiyo si hukumu, na wenyewe hawana nakala ya hukumu. Kazi yake ni kukuonyesha njia, ujue ugonge mlango upi. Ukishajua kaunti unamwendea karani wa mahakama za wilaya wa huko, au unamwandikia kwa posta, au unaingia kwenye tovuti yake kama anayo, unaomba nakala iliyothibitishwa ya hati iliyoandikwa juu Final Decree of Divorce, yaani hukumu ya mwisho ya talaka. Sema "iliyothibitishwa", isiwe nakala tupu. Idara ya uhamiaji inataka kuona kwamba hati imetoka mahakamani, na wewe mwenyewe utaihitaji tena.

Jambo linalowapoteza watu wetu zaidi ya ada na fomu ni majina. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Mmarekani anataka la mwisho kwanza, na kwetu la mwisho ni babu aliyekufa zamani. Kuna Mohamed, Mohammed na Muhammad. Kuna Said na Saidi. Kuna "bin" inayoandikwa kama jina la kati. Kuna karani wa uhamiaji aliyekosea herufi moja uwanja wa ndege 2011, na herufi hiyo ikawa jina la mtu mpaka leo. (Mimi mwenyewe nina hati mbili za serikali zenye baba wawili tofauti, na mamangu alikuwa mwanamke mwenye heshima zake.) Mwambie karani atafute kwa jina lako na kwa lake, kwa sababu yeyote kati yenu angeweza kuwa mwenye kesi, na kwa kila tahajia. Usimpe mwaka mmoja, mpe kipindi.

Hiyo tovuti ya mdogo wako, pesa zako uziweke. Mara nyingi kampuni za namna hiyo hukusanya vipande vya orodha za makaunti na kuviuza. Zikisema ipo, bado utaenda kwa karani kuifuata hati. Zikisema haipo, hukupata kitu, umepata hofu nyingine ya kulipia. Lakini nimelielewa hilo neno "usiku huu huu". Anakuona unavyokonda.

Sasa "kule". Mtu ametoka Mombasa kumzika mamake, anakuambia kule kumekwisha. Wewe ukasikia mahakama ya Texas. Nami nimesoma nikajiuliza, je, hakupitia kwa kadhi Mombasa? Nyumbani mahakama za kadhi zinatambuliwa na katiba, husikiliza mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, na mtu aliyeoa kwa kadhi 2009 akitaka kuandikisha talaka yake hupeleka huko. Una kaka au mjomba Mombasa wa kwenda kuuliza kwa utulivu, na cheti chako cha ndoa mkononi? Ikiwa iko huko, umepata hati ya mahakama yenye tarehe. Ila usishangilie mapema. Wakati ule nyote wawili mlikuwa wakaazi wa Texas, na ikiwa hukuitwa wala kupewa taarifa, uzito wa hati hiyo mbele ya Texas na mbele ya uhamiaji ni swali la wakili kabisa, na si mshauri mzee wa kwenye safu.

Unaogopa pia upande wa pili, kwamba ipo na ilipita nyuma ya mgongo wako. Sheria ya huko haimruhusu mtu kukuacha mahakamani bila wewe kujulishwa. Ama unaletewa samansi mkononi, ama unatia saini kwamba huhitaji kuletewa, ama, ukiwa hujulikani ulipo, hakimu anaruhusu tangazo. Hebu rudi nyuma kidogo. 2016 au 2017, kuna siku alikuomba mwende benki, au kwenye duka la kutuma vifurushi, ukatia saini mbele ya mtu mwenye mhuri? Pengine alikuambia ni ya gari. Pengine ni ya pasipoti ya mtoto. Wako wanawake waliotia saini talaka zao wakidhani ni bima. Ukikumbuka siku kama hiyo, hati ina uwezekano mkubwa wa kuwepo, na jina lako limo ndani.

Na kuna mtoto. Hakimu wa Texas akivunja ndoa yenye mtoto mdogo hawezi kumruka. Lazima aandike mtoto anakaa na nani, mwenzake atamwona lini, na nani anatoa matumizi. Kwa hiyo kama hukumu ya huko ipo, mwanao ana kurasa zake. Husemi kama umewahi kupata barua yoyote ya mahakama inayomtaja. Kama hujapata hata moja miaka yote hii, ni dalili, na mimi dalili siziiti ushahidi. Lakini kama kurasa hizo zipo, nadhani ungetaka kuzisoma kabla hujampandisha mtoto ndege kwenda harusini, kwa sababu hati kama hizo mara nyingine husema nani anashika pasipoti na nani anatoa ruhusa ya safari. Ukikuta mambo usiyoyakubali, jua kwamba muda wa kuipinga hukumu una mwisho, nao huenda umepita. Mambo ya mtoto kwa kawaida hubakia na mlango wa kurekebishwa.

Umeniuliza uchimbe au uache, na sitakuchagulia. Nitakueleza ninachokiona kila upande.

Ukiacha, utafunga ndoa mfungo mosi na kwa kadhi huenda mambo yakapita. Fomu itabaki palepale. Ndoa ya pili ikiwa ya kwanza haijavunjwa mbele ya sheria, Texas ni kosa la jinai, na wanahesabu hata kuishi na mtu kama mume pale jimboni. Sheria yao inampa nafasi aliyeamini kwa haki kwamba ndoa ya mwanzo ilikwisha, ila inataka imani hiyo ishikwe na karatasi ya mahakama. Sikuambii haya nikutishe. Nakuambia kwa sababu atakayekuja kukaa kwenye kiti cha ubalozi aulizwe maswali ni huyo bwana wa bandarini, na yeye ndiye atakayerudishwa nyumbani na bahasha.

Ukichimba ukakuta haipo popote, habari si mbaya kama unavyoiota usiku. Unaweza kufungua wewe. Hahitajiki kukubali, anahitajika kujulishwa. Fomu za talaka Texas zinapatikana bure, maktaba za sheria za kaunti nyingi zina mtu wa kukuelekeza, na asiye na uwezo huomba asamehewe ada. Lakini kuna siku 60 za kungoja tangu kufungua kesi, na baada ya hukumu siku 30 ambazo kwa kawaida hamruhusiwi kuoa mtu mwingine. Hizo ni siku 90 akikubali kila kitu bila kelele, na wewe umeniambia ni mtu wa bei. Chukua kalenda uhesabu mwenyewe mpaka mfungo mosi.

Hapo ndipo wazo la kimya kimya linaponitia wasiwasi. Kesi ya talaka Texas kwa kawaida ni jambo la wazi. Namba ya mtu ya utambulisho serikalini na ya akaunti yake ya benki hufichwa, lakini kwamba fulani amemfungulia fulani kesi mwezi uliopita, mtu yeyote anaweza kuliona. Ingekuwa New York, faili lingefungwa, wasilione ila wenyewe na mawakili wao. Wewe uko Texas, kwenye mji wa watu wanaojuana viatu. Kwa hiyo swali naona limegeuka: mchumba atasikia kwa nani?

Ulimwambia yamekamilika. Ulisema ulichokijua siku ile. Leo unajua kitu kidogo zaidi, kwamba hujui. Wako watakaokuambia ungoje upate jibu kamili ndipo umweleze, usimpe mtu wasiwasi usio na umbo. Kuna busara ndani yake, na kama Austin watakujibu upesi huenda ikawa ni kumngojesha siku chache tu. Wako watakaokuambia kila wiki unayonyamaza, lile neno "yamekamilika" linazidi kuharibika, lianze kunuka uongo ambao haukuwa. Wewe ndiye unayemjua. Mtu aliyeuliza mara moja, kwa adabu, hakurudia, hiyo ni tabia ya mtu asiyejali jibu, au ni ya mtu aliyeliamini neno lako akaliweka? Mimi sijakaa naye. Pia yeye ni mjane. Amewahi kushughulika na makarani na hati za mtu aliyempenda, pengine hatakushangaa kama unavyodhani.

Kuhusu baba mtoto, uoga wako nauheshimu. Simu moja kwake ingekupa namba ya kesi kwa dakika mbili, ukamaliza. Simu hiyo hiyo ingempa la kukushika nalo. Uzuri wa kumbukumbu za kaunti ni kwamba hazimhitaji yeye. Unaweza kupekua zote bila yeye kujua, ukampigia mwisho, au usimpigie kamwe. Je, ana familia nyingine? Hukuniambia, lakini wengi wao huwa nayo. Usije ukaichukua kuwa dalili, maana aliyeoa tena msikitini bila leseni hajathibitisha kitu.

Jambo moja sitalizunguka. Umesema 2019 uliandika kwenye maombi ya uraia kwamba umeachika. Kabla hujatuma fomu hii mpya, na kabla hujaandika tarehe yoyote kwa kalamu, kaa na wakili wa uhamiaji mwenye leseni, umwonyeshe zote mbili. Yawezekana hakuna tatizo lolote. Hati ikipatikana ya 2017, utakuwa uliandika kweli tupu. Lakini usikubali kujaziwa na shoga, wala na yule ndugu anayejaza fomu za watu nyuma ya duka lake. Mwanasheria atakuuliza maswali ya aibu, umjibu.

Mama mwache na methali yake. Aliyelala hapa ni nani, nilijiuliza; si baba mtoto, yeye alishaamka akaenda zake. Nadhani mama anaogopa kukuona unarudi kwenye ile miaka miwili ya sebuleni, hata kama ni kwenye karatasi tu. Ukimpigia tena, pengine usimuulize habari ya talaka. Muulize kama anakumbuka yule mkwewe wa zamani alikaa Mombasa siku ngapi baada ya maziko, na alionekana wapi. Akina mama wa Kibokoni hawapitwi na mambo hayo.

Na ile karatasi ya zambarau iweke ndani ya bahasha ngumu, uende nayo kila utakakokwenda. Tarehe yake ya miladi nimekutafutia: Shaaban ya 1437 ilianza kwenye tarehe nane hivi ya mwezi wa tano 2016, ikaisha Ramadhani ilipoandama mwanzoni mwa mwezi wa sita. Waambie Austin, na karani yeyote utakayefika kwake, waanzie Januari 2016 mpaka leo.